Kona ya Nne ya Wavu

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi kuhusu sarakasi ni hili: wanakitilia shaka wanachokiona, wanakiamini wanachoambiwa. Mtu anamtazama mmeza upanga, anamnong'oneza jirani yake kwamba ule upanga unajikunja. Haujikunji! Unaingia mzima, wa baridi, hadi tumboni, na aliyejifunza kazi hiyo alitapika miaka miwili kabla ya kuiweza. Kisha mtangazaji anasema kijana huyu alilelewa na wachawi wa jangwani — na mtu yuleyule anashika mdomo kwa mshangao. Alilelewa na mama yake, nyuma ya karakana ya baiskeli. Najua, maana wachawi niliwatunga mimi.

Miaka kumi na mmoja nilishika kipaza sauti kwenye hema lile, ndipo nikarudi kufundisha jiografia. Na sasa, kwa uzee huu, makumbusho wamenikumbuka. Maonyesho ya sarakasi yanafunguliwa Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Ukuta mmoja utakuwa na mabango ishirini, kila bango na dai moja. Mgeni anasoma, anakisia, halafu anafunua kifuniko cha mbao: KWELI au UONGO, na maelezo mafupi chini yake. Kazi yangu ni kukagua yote ishirini na kutia sahihi.

Aliyeniletea ni mtunzaji wa makumbusho. Namwita Bwana Lebo, kwa sababu hata birika la ofisini kwake limebandikwa karatasi: BIRIKA. Mtu mzima, mpole, anaogopa makosa kama wengine wanavyoogopa nyoka. Alisema wametafuta wote wa hema lile, nimebaki mimi ninayeweza kusoma mwandiko wangu mwenyewe. Tukacheka.

Nilianza vizuri. Bango la kwanza: duara la sarakasi lina upana wa karibu mita kumi na tatu popote uendapo. Kweli! Na sababu si urembo, ni farasi. Akikimbia kwenye duara la kiasi hicho, mwili wake huinama kidogo kwa ndani, na mtu aliyesimama mgongoni anasukumwa kwa nje kwa nguvu inayomtosha kusimama imara. Duara likiwa dogo farasi anajikwaa; likiwa kubwa mno, mtu ndiye anayeanguka. Nikaongeza mchoro wenye mishale. Wifi yangu — dada wa marehemu mume wangu, tumebaki wawili kwenye nyumba hii — alipita na fagio, akauliza kama ukuta wa makumbusho unalipwa kwa mshale.

Nimemaliza kumi na tatu. La kumi na nne nimeliruka. Macho yamechoka.

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya la kumi na tano mpaka la ishirini. Haraka haraka.

La kumi na sita: sarakasi ilianzia Rumi ya kale. Uongo — au tuseme, nusu jina, nusu kosa. Kule Rumi palikuwa na uwanja wa mbio za magari ya farasi. Sarakasi tunayoijua, ya duara na hema na wachekeshaji, ina umri wa miaka mia mbili na hamsini na ushei tu, ilianzishwa na mpanda farasi aliyekuwa askari. La kumi na nane: mchekeshaji hucheka usoni na kulia moyoni. Uongo mtupu! Wa kwetu alipenda kulala na kula, na huzuni yake kubwa niliyowahi kuiona ilikuwa siku alipopoteza kijiko. La kumi na tisa: bendi ilikuwa na wimbo mmoja ambao haukupigwa ila kukiwa na hatari. Kweli. Ukiusikia, kila mfanyakazi anajua pa kukimbilia, na watazamaji wanaendelea kupiga makofi kwa mahadhi. Niliusikia mara mbili. Mara moja ulikuwa moto jikoni.

Nimefagia uani, kumbe wifi alishafagia. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema sijapoteza kitu. Akasema basi niache kukitafuta.

Jumatano, 5 Machi

Bango la kumi na nne. Nalinakili hapa ili nisiendelee kulizunguka.

"Mrukaji wa pembea za juu alianguka kwa sababu fundi wa kamba alikuwa amelewa. KWELI. Fundi aliiachia kamba ya wavu. Viganja vyake vilikutwa vimechubuka. Chanzo cha kuaminika: maelezo yaliyoandikwa siku mbili baada ya ajali."

Maelezo hayo niliyaandika mimi. Mwenye hema alitia sahihi, lakini mkono ni wangu, kila mkato na kila nukta. Warithi wake wametoa makaratasi yake yote kwa makumbusho. Bwana Lebo ameandika "cha kuaminika" kwa sababu — aliniambia mwenyewe kwa furaha — aliutambua mwandiko wa mwalimu.

Nianze na wavu. Watu hudhani wavu ni godoro. Ukidondokea godoro bovu utaumwa mgongo. Ukidondokea wavu mbovu ni sawa na kukosa wavu. Unafanya kazi ukiwa umekazwa tu, tena sawasawa pande zote. Wa kwetu ulikuwa na kona nne, kila kona na kamba yake na kigingi chake ardhini. Usingeweza kukaa umekazwa siku nzima, kwa sababu farasi walipita palepale. Hivyo kati ya farasi na pembea, fundi wa kamba alizunguka: kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akimaliza ya nne anatundika kitambaa chekundu kwenye mlingoti. Mimi nikiona kitambaa ndipo naita jina la mrukaji.

Na kanuni ya pili, iliyoitegemea ya kwanza: jina likishaitwa, mtu anapanda. Hachungulii, haulizi. Jina kuitwa maana yake kila kitu kimekaguliwa.

Fundi tulimwita Buibui. Hakunywa. Si siku ile, si siku nyingine. Hata kwenye harusi alishika glasi ya maji.

Haya. Nimeandika. Chai imepoa mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka nikiwa nimechoka. Nimepanga vitabu kwa ukubwa, kisha kwa mada, kisha nikavirudisha.

Siku yenyewe. Miaka arobaini na sita iliyopita, onyesho la mchana, jua kali, hema limejaa. Farasi mweupe akachechemea, mchezo wa farasi ukakatwa dakika sita kabla ya wakati. Dakika sita kwenye hema lililojaa ni mwaka mzima. Watazamaji wakaanza kupiga miluzi. Mchekeshaji alikuwa hajavaa. Mwenye hema, pale penye pazia la nyuma, alinizungushia kidole hewani: endelea, endelea.

Nilitazama mlingoti. Hakuna kitambaa. Nilimwona Buibui kona ya tatu, amepiga goti.

Nikaita. "Mabibi na mabwana — Njiwa!"

Kwa nini? Nimekuwa nikijiuliza kama vile swali ni gumu. Si gumu. Miluzi ilikuwa inanielekea mimi. Nilidhani atamaliza kona iliyobaki kabla yule binti hajafika juu. Mara nyingi angemaliza. Siku hiyo kigingi cha kona ya nne kilikuwa kimelegea, kwa sababu farasi mwenye kuchechemea alikikanyaga akitoka.

Njiwa aliikosa mikono ya mwenzake. Hilo ni jambo la kawaida — warukaji hukosa kila wiki, ndiyo maana wavu upo! Akageuka hewani vizuri, chali, kama alivyofundishwa. Buibui alikuwa ameshika kamba ya kona ya nne kwa mikono mitupu, amejilaza nayo, anaikaza kwa uzito wa mwili wake. Haikutosha. Kamba ikapita viganjani mwake, ikachukua ngozi. Wavu ukashuka mpaka ardhini, na Njiwa nao. Bendi ikapiga ule wimbo. Watu wakapiga makofi.

Alivunjika nyonga na paja. Hajaruka tena.

Siku mbili baadaye mwenye hema aliniita. Alisema polisi wanataka maelezo, na gazeti pia, na mimi ndiye msomi wa hema. Kamba imemponyoka fundi, alisema. Viganja si ushahidi? Na kwa nini kamba imponyoke mtu mzima? Akaacha swali likae. Hakuwahi kunitajia kitambaa. Hakuhitaji. Tulitazamana tu, nikachukua kalamu.

Viganja vilivyochubuka kwa sababu alishikilia, nikaviandika kuwa vimechubuka kwa sababu aliachia.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Lebo amepiga simu. Ana habari njema! Wamempata binti wa fundi. Aliona tangazo la kuomba picha za zamani, akaja na picha ya baba yake. Ni mkunga, mtu wa heshima, Bwana Lebo amempenda sana. Amemsomea bango la kumi na nne.

Nikauliza alisemaje.

Alisema binti aliomba namba yangu tu.

Sikulala mchana. Nimetembea mpaka posta na kurudi bila barua.

Jumamosi, 8 Machi

Alipiga saa nne asubuhi. "Shikamoo, shangazi."

Shangazi! Watoto wote wa hema walituita hivyo, shangazi na mjomba, tuliowazaa na tusiowazaa. Nilimkumbuka mara moja: miaka minane, meno mawili ya mbele hayapo, anauza karanga kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Nilijiandaa kwa hasira. Nilikuwa tayari kabisa. Hakuwa na hasira. Aliomba radhi!

Alisema amebeba aibu ya baba yake tangu utotoni, na sasa amezeeka nayo. Amesikia Njiwa bado yu hai na ataalikwa siku ya ufunguzi. Anataka kusimama mbele ya watu wote Jumamosi ijayo, aombe msamaha kwa niaba ya familia, "ili jambo liishe, shangazi, nife na roho nyeupe." Alisema hakumruhusu baba yake aje kwenye harusi yake. Aliogopa atalewa mbele ya wakwe. Baba alimtumia ujumbe: sijawahi kunywa. Akamjibu kwamba walevi wote husema hivyo. Alipofariki, yeye alipeleka sanda na hakwenda mwenyewe.

Hapa ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nami nikafanya nini? Nikamweleza wavu! Dakika ishirini! Kona nne, vigingi, kwa nini kamba ya katani hulegea wakati wa joto. Akasikiliza kwa adabu, anaitikia "naam, naam." Mwishoni akasema, "Shangazi unajua mengi. Baba naye alikuwa anaeleza hivyohivyo, polepole."

Wifi alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Akasema ameolewa na kufiwa na kuzaa watoto wanne, hajawahi kuhitaji kujua habari nyingi kiasi hicho za kamba. Halafu akaniangalia vizuri, akaweka beseni chini.

Sikumwambia hata yeye.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Siwezi kukaa. Kiti hiki, kile, kitandani, dirishani.

Nimejaribu kuandika barua kwa mkunga. Mara tano. Kila barua inaanza na historia ya sarakasi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa Njiwa. Miaka sita sijamwona, ingawa si mbali. Anaishi na mwanawe ghorofa ya pili, mguu mmoja mfupi, fimbo imeegemezwa ukutani. Alikuwa anacheza drafti peke yake, na anajiibia.

"Mtangazaji! Nani kafa?"

Nikasema hajafa mtu.

"Basi umekuja kuniua mimi. Kaa. Bado unanukia chaki."

Nikakaa. Safari hii sikueleza kitu. Nilimwuliza moja kwa moja kama siku ile, akiwa juu ya kibao, aliuona wavu.

Akasogeza kete. "Niliuona. Kona ile imelala kama tumbo la paka aliyezaa jana. Na Buibui mbio, mbio, anaielekea. Mlevi gani hukimbia namna ile? Mlevi hukimbia kwa pembeni."

"Kwa nini hukushuka?" nikauliza.

"Ulishaniita."

Alilisema kwa upole tu, kama mtu anayekwambia saa. Nilisema angeweza kungoja. Akaniuliza mimi, mtu wa hema, kama nimewahi kumwona mtu akingoja juu baada ya jina kuitwa. Sijawahi. Alijua wavu haujakaa sawa na bado akaruka, kwa sababu jina lilisema umekaa. Aliona kwa macho yake, akaamini alichoambiwa. Njiwa, mrukaji bora niliyewahi kumtangaza!

Nikauliza kwa nini hakusema, miaka yote hii.

"Nani aliniuliza? Mlikuja na matunda. Hamkuja na maswali." Akala kete zake mwenyewe tatu kwa mpigo. Alisema Buibui alifika hospitalini mara moja, mikono imefungwa bandeji mpaka inafanana na mikate miwili. Alisimama mlangoni, akasema pole dada, akaondoka. Yeye Njiwa alipotoka hospitali hema lilikuwa limeshahama, na kila mtu alikuwa na maneno tayari mdomoni, yaleyale: fundi alilewa. Akadhani labda wanajua asichokijua.

Ndipo nikafanya jambo la aibu. Nilimweleza kwamba mkunga anataka kuomba msamaha Jumamosi, nikamwomba yeye amwambie ukweli. Nilisema itakuwa na uzito zaidi ikitoka kwake, yeye ndiye aliyeumia, na mimi binti huyo ananiita shangazi, na…

Alicheka mpaka akakohoa. Mwanawe akaja na maji.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kuanguka," alisema. "Nimeimaliza. Kutangaza ni kazi yako."

Nikanyanyuka. Mlangoni akaniita tena. Alisema kama binti wa Buibui atasimama Jumamosi kumwomba msamaha, atamjibu ukweli palepale, mbele ya watu na wakubwa na wapiga picha. Hatamwacha mtoto wa watu aombe radhi kwa kosa ambalo halipo. "Kwa hiyo chagua. Asikie sebuleni kwako au asikie kwenye kipaza sauti."

Nimerudi kwa miguu. Magoti yananiuma, na nimestahili.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Lebo anapeleka mabango kwa mpiga chapa kesho saa sita mchana.

Nimeandika upya la kumi na nne. "Mrukaji wa pembea alianguka wakati wavu haujakazwa vizuri. Sababu kamili haijulikani." Nikalisoma mara kadhaa, nikaliona lina heshima. Halimtuhumu mtu. Buibui ametakasika, binti amepumzika, hakuna aliyeumizwa.

Wifi akalichukua mezani, akalisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno.

"Haijulikani na nani, wifi?"

Nikasema ni namna ya kuandika. Kwenye historia, mtafiti akikosa ushahidi…

"Sikuulizi historia. Nakuuliza wewe. Hutulii tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Umefagia uwanja wangu. Umetia maharage chumvi mara mbili. Na unaposema 'haijulikani' unaangalia dirisha."

Nikamwambia. Yote, nikiwa nimesimama, nimeshika mgongo wa kiti. Ilichukua dakika nne. Miaka arobaini na sita, dakika nne!

Wifi hakusema pole na hakusema lo. Halafu akauliza kama mume wangu, kaka yake, alijua. Nikasema hapana. Akaitika, kama mtu aliyeweka kitu mfukoni atakachokitazama baadaye. Kisha akasema jambo moja tu: kumbe yule mzee alikufa akiambiwa na mwanawe kwamba ni mwongo, na mwongo alikuwa anafundisha watoto wa watu ramani.

Ni kali. Si uongo.

Nikampigia Bwana Lebo. Nilisema bango la kumi na nne lina kosa. Akashtuka, nikasikia karatasi zikianguka. Nikamsomea lile la "haijulikani." Akafikiri. Akasema kwa masikitiko, "Mwalimu, tatizo ni vifuniko. Nina vya aina mbili tu. KWELI na UONGO. Haijulikani sina."

Nikasema basi liache dai lilelile la zamani, na chini ya kifuniko aandike UONGO. Akauliza maelezo yaseme nini, na chanzo ni nani. Maana hawezi, alisema, kuukanusha mwandiko wa kuaminika bila chanzo kingine cha kuaminika.

Nikamwambia nitamletea kesho kabla ya saa sita. Mwandiko utakuwa uleule.

Hakuelewa. Ataelewa.

Jumatano, 12 Machi

Saa moja asubuhi. Nimeandika maelezo ya bango. Mistari mitatu: "UONGO. Fundi hakuwa amelewa, na hakuiachia kamba. Mtangazaji aliita jina kabla wavu haujakazwa kona ya nne, kisha akaandika maelezo ya uongo. Chanzo: mtangazaji." Nimetia sahihi, jina langu kamili, la hemani na la darasani. Hakuna mchoro. Hakuna mshale.

Nilipanga hivi: kwanza kwa mkunga, kazini kwake, nimwambie uso kwa uso, kisha makumbusho. Kwanza yeye. Hilo nalijua. Asikute jambo la baba yake ukutani, wala asilisikie kwa Njiwa. Nimevaa viatu vya kutembelea. Nimevivua. Nimevivaa.

Saa tatu na nusu. Amekuja mwenyewe!

Ametoka zamu ya usiku, bado na sare, macho mekundu, mkononi kitenge kimefungwa kitu. Kumbe ni picha ya baba yake kwenye fremu mpya, anataka nimwonyeshe mahali pa kuitundika siku ya ufunguzi. Na karatasi. Ameandika hotuba yake ya msamaha. Alisema mimi ni mwalimu, niisome, nikate panapozidi, asije akaniaibisha mbele ya wakubwa.

Nilisoma mstari wa kwanza. "Mimi ni mtoto wa yule fundi ambaye pombe ilimshinda."

Nikasema naomba nichukue miwani chumbani. Nimeingia huku, nimefunga mlango, nimekaa ukingoni mwa kitanda na daftari hili. Miwani iko shingoni, kwa kamba yake. Wote wawili waliiona.

Nawasikia sebuleni. Wifi amemwekea chai, anamwuliza kuhusu watoto aliowazalisha usiku, mapacha au mmoja mmoja. Mkunga anacheka. Ana kicheko cha Buibui, kinaanzia puani. Sasa anasimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimpandisha mabegani kukagua vigingi asubuhi, na kumhesabisha kona: moja, mbili, tatu, nne. Anasema alijifunza kuhesabu hivyo. Anasema, "Kabla ya pombe, wifi yake shangazi, alikuwa baba mzuri sana."

Nasikia wifi akiweka birika mezani.

Sasa ananiita. "Wifi! Chai ya mgeni inaisha!"

Nataka kuanza na farasi. Nataka kuanza na zile dakika sita, na miluzi, na kidole cha mwenye hema, ili akifika kwangu awe ameshachoka. Hapana. Sentensi ya kwanza ni kwamba baba yake hakunywa. Ya pili ni kwamba niliita mimi. Ya tatu ni kwamba niliandika mimi. Mengine akiuliza.

Akitaka kunipiga, ana haki. Akitaka kuondoka na picha yake, nimfungulie mlango. Asiponiita tena shangazi —

Saa nne kasorobo. Weka kalamu, nenda sebuleni, ukae mbele yake, umwambie.